Sproketi ya Kobe

Mume wangu alikuwa dereva wa pikipiki ya abiria, na wenzake kituoni walimwita Kobe. Pikipiki yake haikuwa na mbio. Akipitwa, akizomewa, anacheka tu: "Tangulieni, mkanishikie nafasi." Kisha akaugua ini, akatangulia yeye.

Pikipiki ikabaki ukumbini, nimeifunika shuka, mtoto akiipanda kila asubuhi na kunguruma kwa mdomo. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alipokubali kuiendesha ili tupate kula, tuliipeleka kwa fundi, maana cheni ilikuwa inaruka.

Fundi akazungusha tairi la nyuma, akatuonyesha sproketi, lile duara la meno linalovutwa na cheni. Meno yalikuwa yamelika, yamepinda kama kucha.

"Cheni peke yake sifungi," akasema. "Meno haya yataila kabla hamjaizoea. Tubadilishe cheni, sproketi ya mbele na ya nyuma, vyote kwa pamoja."

"Sawa, lakini ya nyuma weka ndogo," shemeji akadakia. "Sinia lote hili la nini? Pikipiki nimerithi, ukobe sitaki."

Fundi hakucheka. Alinigeukia mimi. "Dada, sinia hili alilitaka mwenyewe. Kubwa huvuta mlima, ila hupunguza mwendo. Aliniambia wenzake wakifika katikati ya kilima cha zahanati huwashusha wajawazito watembee. Yeye hakutaka kumshusha mtu."

Nilikuwa sijui. Nilipanda kilima kile na uchungu wangu, nimemwegemea mgongoni, nikadhani pikipiki zote hupanda hivyo.

"Mwenye mali ni wewe," fundi akaniambia. "Niweke ipi?"

"Shemeji," akasema mdogo wa marehemu, safari hii kwa upole, "abiria wa siku hizi wana haraka. Nikienda pole pole watapanda za wenzangu."

Nilimtazama. Naye ana wanawe, na wa kushinda juani ni yeye.

"Weka ndogo," nikasema.

Ile ya zamani fundi akanifungia kwenye gazeti, nikaenda nayo nyumbani.

Pikipiki ikapata mbio kweli, na kituoni jina la Kobe halikutajwa tena. Mvua zilipoanza, mtoto akashikwa na homa. Shemeji akatubeba kwenda zahanati. Katikati ya kilima injini ikakoroma, tairi likasita. Akageuza shingo, hawezi hata kunitazama usoni.

"Shemeji, naomba ushuke kidogo."

Nikashuka, nikamfunga mtoto mgongoni. Shemeji naye akashuka, akawa anaisukuma pikipiki nyuma yangu, hataki kunipita.

Mtoto akanong'ona shingoni mwangu, pumzi yake ya moto:

"Mama, mbona tumeshuka? Baba huwa hatushushi."

Nikakaza mbeleko, nikaendelea kupanda.