Tulimnyolea Akiwa Hai

Mdogo wangu aliua. Naanza na hilo, maana wengi huanza na kunyongwa kwake. Alimkata panga bibi mmoja wa kijijini, aliyekuwa akifagia kanisa pamoja nami, kisa ng'ombe wetu wawili walikufa na bibi ana macho mekundu, eti mchawi. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa kupikia kwa kinyesi cha ng'ombe. Leo hata mimi ninayo. Jaji akasema anyongwe.

Mimi niliishia darasa la pili, barua ya kumwomba Rais ningeiandikaje? Nilichokijua ni wembe. Kwetu Usukumani mtu akifa, ndugu wananyoa vichwa. Nikawaambia wanawake wa kanisani: twende tukanyoe mchana kweupe mbele ya ofisi ya wilaya, waone kuwa maiti moja inatutosha. Tulikwenda kumi na mmoja. Binti wa yule bibi hakuja, na sikumlaumu. Jirani yangu Mwislamu alikuja na nyembe na sufuria ya maji.

"Kunyoa mimi dini hainiruhusu, shoga," akasema, "ila kukunyoa wewe sijakatazwa. Inama."

Askari akatoka. "Shikamooni mama zangu. Kafa nani?"

"Marahaba. Bado."

"Bado? Sasa mnanyoa nini?"

"Muulize bwana mkubwa wako. Yeye ndiye anajua siku."

Alicheka, mpaka tulipomwaga nywele zetu pale mlangoni. Hakuna karani aliyethubutu kuziruka. Kutwa nzima walipita mlango wa nyuma. Walituogopa kama wachawi. Nami nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahia woga ule ule uliomuua yule bibi.

Wiki iliyofuata nikapanda treni kwenda gerezani kumpa habari. Nilitaka ajue kuwa hatukumtupa. Kwenye ukaguzi wakanivua kitambaa cha kichwa, wakabaki nacho. Mdogo wangu akaletwa upande wa pili wa nondo, akaniona kipara kinang'aa.

"Dada, mama amekufa?"

"Mama mzima."

"Baba?"

"Mzima, anakusalimu."

Akakitazama kichwa changu.

"Basi ni mimi," akasema. "Wameshawaambia siku."

"Hapana, sikiliza, ni kanisa, tulikwenda wilayani tukawa—"

Alikuwa ameshageuka. Mwenyewe alimwomba askari amrudishe ndani. Nikapiga kelele, "Tunakataa, mdogo wangu! Tunakataa!" Mlango ule wa chuma ulikuwa umefungwa.

Walimnyonga kabla ya masika, maiti yake hawakutukabidhi. Padri wetu alihubiri kuwa kijana yule alikufa akijua kanisa zima limesimama upande wake. Watu wakaitikia amina. Mimi sikuitikia. Padri hakuwepo pale kwenye nondo. Mimi ndiye niliyekwenda kumwambia kuwa ameshakufa.