Zahanati ya Mama Mkwe

Kazini walimwita Mvunjaji, na jina lilimkaa sawasawa. Mfumo wowote wa kompyuta, kabla haujakabidhiwa watu, ulipita kwanza mikononi mwake, naye aliubebesha mizigo mpaka uombe msamaha. Jioni mama mkwe wake, muuguzi mstaafu, humpokea mlangoni na kumuuliza, "Leo umeharibu nini, mwanangu?" Naye hujibu, "Bado, mama. Leo mfumo umenigomea."

Safari hii alipewa mfumo wa kufuatilia dawa na vifaa tiba kutoka ghala kuu hadi zahanati ya mwisho. Ulijengwa kwa blokcheni, yaani kila kumbukumbu imefungwa kwenye ile iliyoitangulia, na nakala zake ziko kwenye kompyuta nyingi mbalimbali. Ukiandika umeandika. Hakuna kufuta, ukikosea unaongeza kumbukumbu nyingine ya kusahihisha, na kosa lako linabaki pale pale likikutazama.

Ili aupime, alihitaji zahanati ya uongo ya kupokea maboksi ya uongo. Akaiita Zahanati ya Mama Mkwe, kwa sababu nyumbani kwake hakiingii kitu bila kukaguliwa kwanza na mama mkwe. Asubuhi hiyo akaanza kuimiminia glavu, kwanza kidogo kidogo, kisha kwa mafungu, kisha bila huruma. Mfumo ukawa unameza tu. Alipozidisha kweli kweli ukaanza kuhema, ukijibu kwa kuchelewa. Akaupunguzia kidogo, ukatulia. Alipiga vigelegele peke yake mpaka jirani yake wa meza akamuuliza kama kuna harusi.

Simu ikalia. Alikuwa mtunza ghala.

"Dada, samahani, hii Zahanati ya Mama Mkwe iko njia ipi? Dereva keshapakia, lakini hapajui."

Mvunjaji aliitazama upya skrini yake. Mfumo ulikuwa umefunguliwa asubuhi hiyo hiyo kwa zahanati chache za mwanzo, huku vipimo vya mwisho vikiendelea kwenye nakala ya mazoezi, na yeye, kwa haraka zake, alikuwa ameelekeza majaribio kwenye mfumo wa kweli badala ya kwenye nakala hiyo.

"Mzuie dereva! Hiyo zahanati haipo!"

"Haipo vipi, na glavu zote za ghala ni zake? Kuna mkunga hapa ananipigia muda mrefu sasa. Kaagiza glavu, mfumo unamwambia ghala tupu. Ana akina mama kwenye uchungu na boksi lake linaishia."

Na getini hakitoki kitu bila mfumo kuruhusu. Ndiyo sababu ulijengwa, maana zamani vilikuwa vinatoka tu.

Bosi akaja, mikono kiunoni. "Futa."

"Haufutiki, bosi. Si wewe uliyekuwa unajisifu hivyo kwa wageni?"

Ilibidi kila boksi lirudishwe ghalani kwa kumbukumbu yake ya kusahihisha. Wakiyarudisha mbio mbio, mfumo ungekwama na zahanati zote zingekwama nao. Wakienda polepole, mkunga angengoja mpaka jioni.

"Sasa kasi yenyewe tutaijuaje?" bosi aliuliza.

Pamoja na hofu yote, Mvunjaji alicheka. "Si nimetoka kuipima!"

Alijua hasa ni wapi unapoanza kuhema, akaweka kasi chini yake kidogo. Lakini kabla ya kuanza, mfumo ulidai sababu ya masahihisho. Bosi akainama sikioni kwake.

"Andika hitilafu ya mfumo. Nakuokoa. Wakuu wakijua ni mtu, watataka uondoke."

Alitamani kuandika hivyo. Kazi hii aliipenda mno, hata alikuwa akiiota. Lakini sababu ile ingesomwa na kila muuguzi, siku ya kwanza kabisa, na nani angeuamini tena mfumo huo? Akaandika: Mfumo ni mzima. Nimekosea mimi niliyekuwa nikiupima. Akaongeza jina lake kamili, lile la kwenye kitambulisho, akabonyeza.

Glavu zikaanza kurudi. Mfumo ulihema, haukuanguka. Hata kabla hazijaisha kurudi, ombi la mkunga lilipita, na dereva akapewa safari ya zahanati iliyopo kweli.

"Umejiandika milele," bosi alisema, akivuta kiti cha meza ya jirani na kukaa.

"Najua."

Simu ikalia tena. Aliwasha spika, huku akiendelea kuzitazama glavu zikirudi kwenye skrini.

"Ni wewe uliyekosea?" aliuliza yule mkunga, aliyepewa namba na mtunza ghala.

"Ni mimi, dada. Nisamehe sana."

"Gari nimeona kwenye mfumo limetoka, na boksi langu litatosha mpaka lifike. Nilitaka kukusikia tu. Enzi za karatasi vitu vilipotea kila wiki, na hakuna hata siku moja tuliyosikia kwamba kuna mtu kakosea. Haya, naitwa, mtoto anakuja."

Bosi alikuwa amesikia yote. Alisimama, akakirudisha kiti alichoazima kwenye meza ya jirani.

"Wakuu wakipiga," alisema, "waunganishe kwangu."