Homa Iliyoitwa Wazimu

Mwaka 1996, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, usingempata mtu mpole kuliko Gakiza, Mrundi wa Bururi aliyeongoza kwaya ya Wakatoliki. Mkali alikuwa mkewe, Fidès. Aligombana kwenye foleni ya maji, aligombana sokoni, na watu walimwonea mumewe huruma.

Kisha Gakiza akaumwa kichwa, mwili ukachemka. Tabibu wa zahanati akampa dawa za malaria bila hata kumgusa. Homa haikushuka. Akaanza kulalamika kwamba nyumba inanuka mpira unaoungua, na hakuna mwingine aliyenusa kitu. Sufuria akaiita kiatu. Jumapili, katikati ya wimbo, akawaporomoshea waimbaji matusi ambayo Fidès hakujua kama mumewe anayajua.

Fidès akamrudisha zahanati. Tabibu akamtazama Gakiza anavyocheka peke yake.

"Chamba," akasema, yaani bangi. "Mumeo anavuta. Mpeleke nyumbani."

"Hajavuta hata sigara! Mwili unaungua, mupime!"

"Wakimbizi mna kelele. Zikomo, asante, mama. Anayefuata!"

Kesho yake Gakiza akapindua meza ya jirani yao Amissi, mfanyabiashara Mkongo wa Kindu aliyeuza chumvi na sabuni, akamrushia ngumi. Wanaume wakamkamata. Kamba aliileta Amissi mwenyewe.

"Huyu iko na mashetani," alisema, huku akikaza fundo kwenye nguzo ya nyumba. "Mama Fidès, mutoke hapa na bwana yako. Sisi tuko na batoto."

"Ni mugonjwa! Mufungue!"

"Mugonjwa gani anapiga bantu? Ni ile mambo mulifanya kwenu Burundi, inawafuata."

Fidès akamtemea mate usoni. Wakamsukuma, akaanguka, na hakuna hata mwanakwaya mmoja aliyemwinua. Gakiza akabaki juani, mikono inavuja damu, mpaka degedege lilipomshika. Macho yakageuka, povu likamtoka mdomoni. Hapo wote wakatawanyika.

Fidès akaikata kamba kwa kisu cha jikoni. Gari la mboga lilikuwa linaondoka kwenda Lilongwe. Dereva alipokataa kubeba "kichaa", Fidès akajilaza mbele ya magurudumu mpaka akakubali.

Hospitalini mjini, daktari mmoja mwanamke alimsikiliza Fidès mpaka mwisho, kisha akamchoma Gakiza sindano mgongoni, akatoa maji ya kupima.

"Si bangi, si mashetani," alisema majibu yalipotoka. "Ni virusi. Vimeingia kwenye ubongo."

"Atapona?"

"Dawa tutampa. Lakini angeletwa alipoanza kusikia ile harufu, ningekujibu vizuri zaidi."

Gakiza hakufa. Alirudi Dzaleka amekonda, nyimbo zake zote anazo kichwani, lakini ulichomwambia asubuhi, mchana hanacho. Kwaya ikapata kiongozi mwingine.

Fidès akaanza kwenda kusimama mlangoni pa zahanati, akiwasimulia wagonjwa kwa sauti kubwa alichotendewa mumewe. Tabibu akaita walinzi. Wakamtoa, akarudi. Wakamtoa tena, akarudi tena. Mwishowe, labda kwa kumwogopa yeye tu, tabibu akawa kila mwenye homa anayeropoka anamwandikia kwenda Lilongwe siku hiyohiyo.

Amissi naye akaja na mfuko wa sukari kuomba radhi. Gakiza akampokea kwa mikono miwili, uso umejaa furaha.

"Karibu, ndugu yangu! Unatoka wapi?"

Amissi akafuta macho. "Unaona, mama Fidès? Yeye mwenyewe amenisamehe."

"Hakukumbuki," Fidès akajibu. "Kusamehe iko kitu ingine."

Akautoa mkono wa mumewe katika mkono wa Amissi, akamwingiza Gakiza ndani, akarudi kuimwaga ile sukari mavumbini mbele ya macho ya mwenyewe. Mpaka Amissi alipohamia Biwi, mtaa wa Lilongwe, kufungua duka, Fidès hakuitikia salamu yake hata mara moja.