Kisima cha Mwenyekiti

Mjomba wangu alichimba visima maisha yake yote. Ujanani alianza na sururu, kamba na ndoo, akishushwa shimoni kama mzigo. Baadaye akanunua mashine, na kelele zake zikajulikana mtaa mzima. Watu walimwita Bomba. Alikuwa mcheshi, mwenye mkono wazi, na mbishi kupita kiasi.

Namna alivyotajirika haikuwa siri. Akimchimbia mtu kwenda chini zaidi, kisima cha jirani kilikauka, jirani naye akamwita, kisha jirani wa jirani. "Kazi yangu inajizalia yenyewe," alikuwa akisema, nasi tulicheka. Nikikumbuka kicheko kile naona haya.

Mtaa wenyewe ulikuwa unaumuka kama unga uliotiwa hamira. Maghorofa yaliota palipokuwa na bustani za mboga, na jirani yetu mwosha magari alimwaga maji barabarani kutwa kucha. Mama yangu ni dada mkubwa wa Bomba, ndiye aliyemlea wazazi wao walipofariki. Kila kiangazi alilazimika kurefusha kamba ya ndoo yake, na jambo hilo likamkosesha raha. Siku hizi mambo haya yana wizara na semina. Wakati ule yalikuwa na mkeka na mama yangu tu. Aliwaita majirani uani, akawaambia kwamba wote wanachota katika chungu kimoja, na chungu kina kitako.

"Dada, unawatisha watu bure," Bomba akasema mbele ya wote. "Maji yakishuka, si tunayafuata?"

"Na yakitukimbia?"

"Yaende wapi? Yana miguu?"

Watu walicheka, lakini hawakuondoka. Walibishana mpaka sauti zikawakauka, wakaafikiana kwamba asichimbe mtu zaidi mpaka mvua inyeshe. Wakamfanya mama mwenyekiti. Mwosha magari alikubali kwa shingo upande, akaacha mpira na kuanza kutumia ndoo.

Mvua haikuja. Kisima cha mama, kilichokuwa kifupi kuliko vyote, kikaanza kutoa tope. Akawa anaomba maji nyumba kwa nyumba bila haya, naye Bomba roho ikimuuma kila alipomwona na ndoo kichwani. Kisha mimi nikajifungua, mama akaja kwangu, mji mwingine, kunihudumia. Mjomba akaona ndio wakati. Alipeleka mashine uani kwa mama akachimba mchana kweupe, huku anapiga mluzi, akingoja kwa hamu dada yake arudi. Fundi wa visima akikupenda hukupa maji, hajui zawadi nyingine. Haikumpitia kabisa akilini kwamba majirani wangeona mwenyekiti kajiondoa makusudi ili achimbiwe.

Tuliporudi kwake na mtoto, tulikuta bomba jipya uani na majirani wamenuna.

"Mkuki kwa nguruwe, mwenyekiti," mwosha magari akasema.

Mama hakujitetea. Alimgeukia mdogo wake, akamwambia alete saruji.

"Dada, maji mazuri haya! Yaonje kwanza."

"Sikukuzaa, lakini nimekulea. Ziba."

Watu walijaa uani kushuhudia. Bomba alimimina zege machozi yakimtoka, mtu mzima yule, nami nikalia naye. Kisima kilimeza zege kwa muda mrefu kabla hakijajaa. Mama akasema ahadi ni ile ile, na imeanzia kwake. Jirani mmoja alimshika mkono, na mimi nikaamini tumepona. Sijawahi kujivunia mtu kama nilivyojivunia mama yangu saa ile.

Mwosha magari akasogea. Akalibonyeza zege kwa kidole cha mguu, akamgeukia mjomba.

"Fundi, hiki kikishazibwa, maji yake si yatakuja kwangu? Nichimbie kesho, kabla hawa wa ghorofani hawajaniwahi."

Mjomba akamtazama mama. Nyuma yao watu walikuwa wameshaanza kusukumana, kila mmoja akipaza sauti awe wa kwanza.