Alijitoa Mwenyewe

Siku tulipomwona yule Mbrazili kwenye runinga amevaa koti na tai, kibanda chetu cha mpira pale Bwera kililipuka kwa kelele. Sisi tulimjua kwa miguu yake: jezi ya njano, chenga, mabao ya mbali. Leo ni kocha wa klabu, anasimama pembeni anaamuru wachezaji. Wengine wakasema kazeeka huyo. Nahodha wa timu yetu aliikodolea runinga bila kupepesa macho.

Nahodha alikuwa dereva wa lori pale Mpondwe. Miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, kutoka Kasese hadi mpakani mwa Kongo hukumpata mtu wa kucheza mpira kama yeye. Ah, Jumapili zile, nazitamani mpaka leo! Lakini goti lake lilikuwa limekwisha. Mkewe alimkanda kwa maji ya moto, naye anarudi uwanjani akichechemea. Timu nzima inaona, nani amwambie? Mimi nilimwambia, akanitukana mbele ya bodaboda wenzangu wote wa stegi, pale tunapongojea abiria. Nami nikamrudishia palepale, sina subira hiyo.

Kesho yake ya siku ile ya runinga, akaja stegini.

"Kuanzia leo mimi ni kocha. Kama yule Mbrazili."

"Alhamdulillah! Basi umeacha kucheza?"

"Nani kasema nimeacha? Nitafanya yote."

Wallahi, nilicheka nikaegemea pikipiki.

Akafanya yote kweli. Anasimama katikati ya uwanja kupanga mabeki, mpira unampita, kisha anatugombeza sisi. Siku tulipocheza na Wakongo wa ng'ambo ya daraja, mama mmoja wa Butembo aliyekuwa akiuza mandazi pembeni alishindwa kuvumilia.

"Papa, kocha anakaaka inje! Weye iko mu kiwanja unafanya nini?"

Watu wakaangua kicheko, hata refa. Yeye hakucheka. Aliinama akashika goti, halafu akamwita fundi wetu wa matairi aliyekuwa benchi. "Ingia. Nafasi yangu." Akavua kitambaa cha unahodha, akanifunga mimi mkononi, akatoka taratibu. Wakongo ndio walioanza kumpigia makofi. Mimi niliyekuwa nikimwambia kila siku atoke, nilibaki nimekishika kile kitambaa.

Bila yeye tulicheza vizuri zaidi. Tulishinda.

Jioni nilimpakia nimrudishe nyumbani. Njia nzima anasifu mabao, anawachambua mabeki, mara akaniegemea, nikasikia shati langu linalowa mgongoni. Tulipofika kwake, mkewe alikuwa amesimama mlangoni anatusubiri. Sikusimama. Nilimpungia mkewe mkono, nikapita, nikashika barabara ya Kasese, nikaendesha polepole mpaka nahodha alipomaliza kulia.