Fundi Aliyeshindwa Kuanguka

Kila nchi yenye mawe na petroli ina watu wa aina hii. Wananunua pikipiki isiyo na kiti, kisha wanaipeleka mahali ambapo hata mbuzi angeomba ushauri kwanza. Hawashindani mbio. Wanapanda miamba na magogo polepole, na kazi yote ni moja tu: mguu usiguse chini. Ukigusa mara moja, unaandikiwa moja. Mara mbili, mbili. Mara tatu na kuendelea, tatu. Ukianguka, ukisimama au ukitoka nje ya utepe wa njia, tano. Mwenye alama chache ndiye mshindi, na anayepita kilima bila kugusa anapata sifuri, ambayo kwao ndiyo dhahabu.

Fundi mmoja wa kushona suruali alikuwa amecheza mchezo huu miaka kumi na mmoja bila kupata sifuri hata moja.

Si kwa uvivu. Pikipiki yake ililala sebuleni, kati ya cherehani na kabati la vyombo, ikitunzwa kuliko bibi harusi. Sponji ya kuchujia hewa aliifua kwa sabuni, akaikamua bila kuisokota isije ikachanika, akaianika kambani katikati ya magauni ya mama mkwe wake. Waya wa klachi aliudondoshea mafuta ya cherehani. Matairi aliyapunguza upepo mpaka yakabonyea kama shavu la mtoto, yapate kukumbatia jiwe. Mikono ya breki hakuikaza sana, ili pikipiki ikianguka mikono izunguke badala ya kukatika. Hilo la mwisho alilijua kuliko wote, kwa sababu ya uzoefu.

Mama mkwe alikuwa mwalimu mstaafu, miaka thelathini na minne ya chaki. Alipohamia kwao alikuja na kiti chake kikubwa cha mikono, na kiti kikakosa nafasi sebuleni kwa sababu ya pikipiki. Kikawekwa kwenye ujia. Tangu siku hiyo watu wa nyumba ile walikwenda jikoni kwa ubavu, kama kaa.

"Baba Pacha," mkewe alimwambia hatimaye, akiwa amenasa kati ya kiti na ukuta na sufuria mkononi, "tukubaliane. Mwaka ukiisha bila sifuri hata moja kwenye kadi yako, hilo dude linauzwa, mama anapata pa kukaa."

"Na nikipata?"

"Ukipata litabaki, na mimi nitaendelea kupita hivi hivi mpaka nife."

Walipeana mikono. Fundi alijaribu mara tisa mwaka ule, akarudi mara tisa na matope. Yakabaki mashindano ya mwisho.

Siku hiyo mama mkwe alisema atakwenda naye, akashuhudie kiti chake kikipata nafasi. Alibeba mwavuli, chupa ya chai na kalamu nyekundu, ambayo hakuwahi kutoka nyumbani bila kuibeba. Bahati mbaya, mwamuzi wa kilima cha sita, ambacho ndicho cha mwisho, aliamka na jino linalouma. Mwenyekiti wa klabu, daktari wa mifugo mwenye kitambi cha heshima, alikuwa akihangaika kutafuta mtu wa kukaa pale, ndipo akamwona yule mama chini ya mwavuli. Akakauka. Ndiye aliyemfundisha darasa la tano.

"Wewe," alisema mwalimu. "Bado hujachomekea shati?"

Mwenyekiti alichomekea. Kisha akaeleza kwa unyenyekevu: "Shikamoo Mwalimu. Tunaomba utusaidie kutoa alama. Ni kuanzia sifuri mpaka tano, na anayepata..."

"Unanifundisha mimi kutoa alama?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi niachie kazi yangu."

Akaachiwa.

Wa kwanza kufika kilima cha sita alikuwa bingwa wa mwaka uliopita. Alipanda miamba yote mitatu kama mtu anayepanda kitandani. Mwalimu akampigia makofi, akamwandikia tano.

"Mama, tano?"

"Ulitaka ngapi, sita? Usiwe na tamaa."

Wa pili alianguka mwamba wa kwanza, kichwa kwenye kichaka na miguu hewani. Akaandikiwa sifuri, akaambiwa akajifunze. Yule bwana aliitazama kadi, akamtazama mama, akaitazama tena kadi, akaondoka akitembea kwa vidole kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Habari haina miguu lakini inafika. Baada ya robo saa watu walikuwa wakianguka kilima cha sita kama nguo zilizokatikiwa na kamba. Walianguka kushoto, kulia, wengine kwa kilio. Mwokaji mikate, jirani yake fundi, alianguka kabla hajafika kwenye alama ya kuanzia.

"Rudi," mwalimu akamwambia. "Hujaanza bado."

Akarudi, akaanza, akaanguka vizuri zaidi.

Fundi alifika wa mwisho. Kadi yake ilikuwa na tano nne na tatu moja. Mwokaji akamvuta pembeni akamnong'oneza.

"Ndugu yangu, leo ni siku yako. Anguka tu, mama mkwe anakupa sifuri, pikipiki inabaki sebuleni. Na kuanguka hakuna anayekushinda."

Fundi alichagua mahali: mwamba wa pili, upande wa kushoto, penye mchanga laini. Akawasha. Na kwa sababu hakuwa tena na cha kuogopa, mabega yake yalilegea, macho yakatazama mbele badala ya kutazama gurudumu, jambo ambalo kila mtu alimwambia kwa miaka kumi na mmoja. Mwamba wa kwanza ulipita kabla hajaukumbuka. Mwamba wa pili akaegemea kushoto aanguke. Tairi laini likang'ang'ania jiwe, pikipiki ikajiweka sawa. Akaegemea tena. Ikajiweka sawa tena.

"Anguka!" Mwokaji alipiga kelele kutoka chini.

"Anguka bwana, unachelewesha nini?" wakaitikia wengine.

"Wapuuzi nyie!" Mwalimu alisimama na mwavuli wake. "Mnamtakia mkwe wangu mabaya mbele yangu?"

Kwenye mwamba wa tatu angeweza kuachia usukani tu. Aliwaza hivyo. Lakini kilele kilikuwa pale, karibu kama kabati la vyombo, na mguu wake wa kushoto, uliozoea kushuka bila kuombwa, siku hiyo ulikataa katakata. Akatokea juu, mzima, mkavu, mdomo wazi.

"Tano kwa tano!" mwalimu alitangaza, machozi yakimlengalenga. "Mwanangu umenitoa kimasomaso."

Jioni mwenyekiti, shati likiwa bado limechomekwa, alifungua kitabu cha kanuni akafuta matokeo yote ya kilima cha sita. Walioanguka kwa makusudi wakabaki na matope yao. Fundi akawa wa mwisho, kama kawaida.

Nyumbani mkewe aliichunguza kadi. "Sifuri iko wapi?"

"Ilifutwa," akasema fundi. "Nayo ilikuwa tano."

"Nilimpa mimi hiyo tano," mama yake akadakia.

"Mama, kwao tano ni ya aliyeanguka."

Mwalimu alifikiri kidogo. Katika miaka thelathini na minne hakuwahi kubadilisha alama.

"Basi alianguka vizuri kuliko wote. Pikipiki haiuzwi."

"Na kiti chako?"

"Kiti kiingie. Cherehani itoke."

Ndivyo ilivyo hadi leo. Fundi anashonea kwenye ujia, na wateja wake wanapimwa suruali kwa ubavu. Sebuleni, kando ya pikipiki, mama mkwe ameketi na kitabu cha kanuni alichokijalidi mwenyewe, kimepigwa mistari myekundu kila ukurasa. Sasa anakijua kuliko mwenyekiti. Fundi akijisahau akakanyaga sakafu iliyopigwa deki, sauti inatoka kitini:

"Moja!"

Anaruka kuelekea mkekani, anakosa.

"Mbili! Na mkono ukutani, nimeuona!"