Guangzhou, Vyuo Viwili vya Kikatoliki na Mmoravian Mmoja

Nilikwenda China kuchagua chuo cha Tanzania. Najua jambo hilo linavyosikika. Vyuo vyenyewe vilikuwa hapa hapa nchini na basi lingenifikisha, lakini mtu wa kunisomesha alikuwa Guangzhou, na alisema hasomeshi mtu kwa simu. Mtu huyo ni mama mdogo Lugano, mdogo wake marehemu mama yangu, muuza nguo wa Mwanjelwa, Mbeya. Mwaka ule, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Beijing, alikuwa amekwama kule. Viza yake ilikwisha, akaomba kuongezewa akanyimwa, na polisi walikuwa wakikagua pasipoti za Waafrika barabarani na hotelini. Alihitaji mtu mwenye viza hai wa kumzungukia madukani. Wakala wake wa mizigo akanitafutia mwaliko. "Njoo tuchague chuo, na unisaidie kufunga mzigo," aliniambia.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na nilitaka udaktari tangu nikiwa mdogo. Vyuo vya serikali vilijaa kabla jina langu halijafikiwa. Vilivyobaki ni viwili, vyote vya Wakatoliki, na mimi ni Mmoravian wa kuzaliwa na kipaimara juu. Cha kwanza nitakiita chuo cha mjini. Kilikuwa kikubwa, kina hospitali ya rufaa na madaktari wake wamejaa nchi nzima. Walinikubali, ila udhamini wa jimbo pamoja na bweni vilikuwa vya Wakatoliki, au vya wanaojifunza kuwa Wakatoliki, na ni lazima kiongozi wa kanisa aandike barua. Bila udhamini ule mama mdogo asingekiweza. Cha pili nitakiita chuo cha masista. Kilikuwa kijijini, kidogo, kimeanza juzi, hakijatoa daktari hata mmoja. Wao walipokea watu wa dini zote na karo yao ilikuwa nafuu. Vyuo vyote viwili vilitaka jibu kabla ya Jumatano ya wiki ya pili ya safari yangu.

Mbeya, Jumanne alfajiri. Bibi aliyenilea alinisindikiza hadi kituo cha mabasi akiwa na neno moja tu: mshika mbili moja humponyoka. Nikamwambia bado sijashika hata moja. Njia nzima hadi Dar es Salaam nilizitoa zile barua za vyuo kwenye bahasha, nikazisoma, nikazirudisha, mpaka jirani yangu akauliza kama nina kesi. Kesho yake nikapanda ndege ya kupitia Uarabuni. Mimi si mtu wa kutulia hata nyumbani, sembuse angani. Niliinuka kitini mara nyingi kiasi kwamba mhudumu aliniletea dawa ya tumbo.

Guangzhou, Alhamisi mchana. Wakala alinipokea uwanjani, tukachukua teksi hadi Xiaobei, mtaa wenye maghorofa ya bidhaa za jumla na hoteli za bei ya chini wanakofikia Waafrika. Mama mdogo hakushuka kunipokea. Nilimkuta chumbani ghorofa ya sita, amekonda, mabegi ya nguo yamepangwa mpaka karibu na dari. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Pasipoti yako iko wapi? Isikutoke hata ukienda chooni."

Kabla sijavua viatu simu yake ikalia. Mtu wa mapokezi chini alikuwa akimpasha kwamba askari wameingia jengo la jirani. Mama mdogo akachukua mkoba, akanivuta mkono, tukapanda ngazi hadi ghorofa ya tisa kwenye stoo ya laoban wake, tajiri wa Kichina anayemuuzia suruali. Laoban alitufungulia bila kuuliza kitu, kama mtu aliyezoea. Mimi sikuwa na sababu ya kujificha, viza yangu ilikuwa mbichi kabisa, lakini nilikaa juu ya marobota ya jinzi na moyo ukanidunda kana kwamba nimeiba.

Kikao chetu cha kwanza cha kuchagua chuo kilifanyika hapo juu ya jinzi. Mama mdogo alizisoma barua zote mbili mpaka mwisho, kisha akakunja ile ya masista na kuikalia. Akaniuliza nataka udaktari au nataka shamba. Nikamweleza kwamba masista hawaulizi dini ya mtu. Akasema mchagua jembe si mkulima, na mimi nimeletewa jembe zuri la mjini nalitafutia kasoro. Barua ya dini, alisema, isinikoseshe usingizi, itapatikana.

Ijumaa na Jumamosi nilikuwa mguu na njia. Asubuhi nilikwenda Barabara ya Zhanqian, karibu na stesheni ya reli, kwenye majumba ya nguo yasiyo na mwisho, nikiwa na orodha ya mama mdogo na maneno mawili ya Kichina. Nikionyesha sampuli, muuzaji anasema "mei you", yaani hakuna, nami naendelea na duka la pili, la tatu, la thelathini. Nikirudi, daraja la waenda kwa miguu la kuingilia Dengfeng, mtaa wa maduka na migahawa ya Waafrika, lilikuwa na askari. Walinisimamisha mara mbili kwa siku hizo mbili. Kila kitu changu kilikuwa sahihi na bado mikono ilitetemeka. Nilichukia kutetemeka kule. Nilikuwa nawaza Jumatano tu, na kila nilipokaa nilijikuta nimesimama tena.

Jumamosi jioni, Dengfeng. Mama mdogo alithubutu kutoka, akajifunga ushungi, tukaingia mgahawa wa Mkongo unaopika samaki na ugali. Hapo ndipo nilipokutanishwa na kaka Deo, mfanyabiashara wa simu kutoka Moshi. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya ya Wakatoliki wa Tanzania pale mjini, na mhuri wa jumuiya alitembea nao mfukoni. Ni mtu mwema, niseme mapema. Alisikiliza habari yangu akichambua samaki, akasema wapo wengi waliosomeshwa na Kanisa na hawajajuta.

"Nitaandika kwamba uko kwenye mafundisho," alisema. "Lakini kesho uje misa nikuone kwa macho yangu. Sipendi kuandika uongo mtupu."

Mama mdogo akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Alimwagiza Mkongo aongeze samaki. Mimi nilisema asante, kwa sababu nilikuwa nimeshaona bweni, hospitali ya rufaa na koti jeupe. Sitaki kujifanya mtakatifu hapa. Ningepewa ile barua saa ile ningeipokea kwa mikono miwili.

Jumapili alasiri. Kanisa la Wakatoliki ni jengo kubwa la mawe, na misa ya Kiingereza ilikuwa imejaa Waafrika: Wanigeria, Waganda, Wakongo, na Watanzania kama kumi. Kaka Deo alinikalisha karibu na njia ya katikati ili anione vizuri. Mama mdogo alibaki hotelini, alihofia ukaguzi wa njiani. Alikuwa ameniagiza jambo moja: wanachofanya wenzio, fanya. Wakipiga magoti nilipiga, wakisimama nilisimama. Nilikuwa nafaulu.

Ukafika wakati wa komunio. Watu wakapanga mstari nami nikapanga. Padre, Mchina mwenye miwani, akaniwekea mkate mdogo mweupe kiganjani. Sasa, kwetu Wamoravian hakuna anayekula peke yake. Unapokea mkate, unaushika, unasubiri mpaka wote wamepata, mchungaji anatamka neno, ndipo kanisa zima mnakula pamoja. Nimefanya hivyo tangu kipaimara, mikono yangu haijui namna nyingine. Nikaufunga mkate kiganjani, nikarudi kitini, nikakaa kusubiri wenzangu.

Bibi mmoja wa Kichina, mwenye utepe wa uhudumu begani, alikuwa ameniona. Alikuja mbio kadiri miguu yake ilivyoweza, akanishika kiwiko cha mkono kwa nguvu ambayo sikuitarajia, akawa anasema maneno ambayo sikuyaelewa huku akinionyesha mdomo. Watu wakageuka. Nilidhani ananikaribisha. Nikamtikisia kichwa kwa adabu kwamba nasubiri. Hapo akaita kwa sauti, na kwaya ikayumba.

Padre akaacha mstari, akashuka. Kaka Deo naye akafika, jasho linamtoka, akaninong'oneza kwa Kiswahili kwamba wanadhani naondoka na mwili wa Bwana, kuna watu huuiba kwa mambo ya kishirikina, niuweke mdomoni haraka yaishe. Padre akaniuliza kwa Kiingereza, polepole, "Wewe ni Mkatoliki?"

Mkate ulikuwa umeanza kulowa jasho la kiganja. Ningesema ndiyo, ningemeza, tungeendelea na misa, na jioni ningekuwa na barua. Nilimtazama kaka Deo. Uso wake ulikuwa unaniomba niseme ndiyo. Nadhani kilichonishinda si uongo wenyewe, maana uongo nilikuwa nimeshaukubali mezani. Nilichoka kutetemeka. Siku nne nzima nilikuwa nimetetemeka nikiwa na haki yangu mkononi, na sasa nilikuwa najitafutia miaka mitano ya kutetemeka bila haki.

"Hapana, padre," nikasema. "Mimi ni Mmoravian. Kwetu tunasubiri tule pamoja."

Padre akanyoosha mkono. Nikaufungua wangu. Akauchukua ule mkate uliolowa, akaula yeye mwenyewe palepale mbele yangu, akarudi kwenye mstari wake. Yule bibi akaketi pembeni yangu hadi mwisho wa misa, sijui kunilinda au kunifariji. Kaka Deo alinisubiri nje. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba watu wote wameona, na mhuri si wake peke yake. Nikamwomba radhi na nilimaanisha, kwa sababu nilimtia aibu mtu aliyetaka kunisaidia.

Jumapili hiyo hiyo, hotelini. Mama mdogo alinisikiliza amesimama. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye analala na viatu ili mimi nisome, na mimi nimeshindwa kumeza kipande cha mkate. Siku mbili hakunisemesha zaidi ya kunitajia saizi za suruali. Zile siku mbili zilikuwa ngumu kuliko askari wote wa darajani. Nilimpenda na nilimwogopa, na nilijua ana haki ya kukasirika.

Jumanne alasiri niliingia duka la intaneti Dengfeng. Chuo cha mjini nikawaandikia kwamba sina barua, naachia nafasi. Masista nikawaandikia kwamba nakuja, na kwamba mimi si Mkatoliki. Jibu lilifika baada ya saa moja, mistari miwili. Sala ya asubuhi ni ya wote, komunio ni ya Wakatoliki. Nije na barua ya mchungaji wangu.

Alhamisi, siku ya kuondoka. Wakala alikuja kunichukua. Mama mdogo alinifungia begi, akafungua zipu, akapanga upya, akafunga tena. Hatimaye aliketi juu yake ili nisiweze kulinyanyua.

"Wewe umemjibu padre mara moja, yakaisha," alisema. "Mimi naulizwa kila siku, na kila siku napanda ghorofa ya tisa."

Nikamsihi arudi nyumbani. Aliinuka, akanipa begi, na mlango ukafungwa kabla sijafika kwenye ngazi.

Nyumbani, mwezi wa kumi. Nilikuwa na wiki tatu kwa masista, tukiwa wanafunzi wachache na maabara inanuka rangi mpya, simu ilipoingia kutoka Dar es Salaam. Mama mdogo alikuwa uwanja wa ndege. Alikuwa amekwenda polisi kwa miguu yake na pasipoti mkononi, wakamweka ndani siku kadhaa, wakamrudisha, na kumpiga marufuku kurudi China kwa miaka kadhaa. Mzigo wote ulibaki kwa laoban. Nililia kwa furaha na kwa hatia, vyote kwa pamoja, na mpaka leo sijui kipi kilizidi. Sasa anauza nguo za mitumba Mwanjelwa, na karo yangu inakwenda kwa kuchechemea.

Safari ile ilinifundisha kwamba chuo ninachokimudu ni kile ninachoweza kuingia kwa jina langu na kanisa langu, hata kama ni kidogo. Ilinifundisha pia kwamba ukweli haumlipi kila mtu sawa, na aliyelipa zaidi si mimi.

Mama mdogo alikuja kunitembelea Jumapili moja. Tulikwenda misa ya chuo tukakaa benchi la nyuma. Wakati wa komunio wanafunzi wenzangu walisimama wakapanga mstari, sisi wawili tukabaki tumeketi. Mama mdogo akatazama mlangoni, kisha akaniuliza kwa kunong'ona kama hawatatufuata kuuliza sisi ni akina nani.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Hawa wanatujua."